Kitambaa Chekundu cha Malkia

Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, saa nne asubuhi, farasi jike anayeitwa Malkia alirusha teke karibu na Salaita, na mimi Okoth nikabaki bila mke. Wakubwa wa kambi yetu ya kupandisha watalii farasi waliandika "ajali". Shule niliachia darasa la sita, lakini ajali naijua, na ile haikuwa ajali.

Koki nilikutana naye stesheni ya Voi, treni imemwaga watu kama siafu. Alivaa buti za kupandia farasi na blauzi ya manjano, ameshika kibao cha kupokea wageni wa kambi. Mimi nilikuwa mbeba mizigo. Nikamgonga mgongoni na sanduku la mtu.

"We kaka, hujui kuacha nafasi?"

"Pole dada. Nafasi kiasi gani?"

"Urefu wa farasi mmoja."

"Farasi sijawahi kuona."

"Ndiyo maana unatembea kama mbuzi wa mnadani!"

Nilicheka mpaka sanduku likaanguka. Mwezi uliofuata nilikuwa nafagia zizi pale kambini, na mwalimu wangu ni yeye.

"Chungulia katikati ya masikio ya farasi wako. Unaona kwato za nyuma za huyo wa mbele?"

"Naona shingo yako tu, mpenzi."

"Kwato, Okoth! Usipoziona umekaribia mno. Rudi nyuma."

Farasi wa mateke hufungwa kitambaa chekundu mkiani. Anakaa mwisho wa msafara, na mtu haruhusiwi kumsogelea. Malkia alikuwa wa mateke. Siku ya harusi yetu, kanisani Bura, Koki alijifunga kitambaa kama kile kwenye nywele, akaninong'oneza, "Jihadhari, bwana harusi."

Halafu akaletwa Morris, meneja mpya. Huyo alitaka farasi wabanane ili picha za matangazo zipendeze. Nikamkatalia mbele ya wageni. Koki akawaka: "Utatufukuzisha kazi sote wawili!" Akaenda kwa mama yake Voi. Siku tatu napiga simu, hapokei.

Jumamosi hiyo simu ikalia, ni yeye.

"Okoth wangu, umekula?"

"Chai ya rangi."

"Bila mimi hata uji hujui kupika. Nakuja na gari la wageni, tumefika Maktau. Ulisema kweli kuhusu Morris. Jioni tukamwambie pamoja."

"Umenisamehe?"

"Nusu. Nusu nyingine unipikie samaki."

Nikaenda zizini naimba. Kitambaa cha Malkia nilikifunga kwa mikono yangu, mafundo mawili, vile alivyonifundisha. Koki akafika wakati wa kuondoka, akanifinya sikio, akapanda farasi wake, akashika nafasi yake ya nyuma kabisa, akimchunga Malkia kwa mbali. Mimi nikaongoza mbele.

Huko njiani Morris alitusubiri na kamera. Akamtoa Malkia mwisho, pamoja na kijana wa zizi aliyempanda, akamweka katikati, eti farasi mweupe anang'aa.

"Karibianeni! Karibianeni zaidi!"

Nikageuka. Mkia wa Malkia ulikuwa mtupu. Mgeni mmoja, mama wa watu, hakuona chekundu popote, akasogeza farasi wake mpaka pua ikagusa mkia ule. Nilipiga kelele, lakini Koki alikuwa ameona kabla yangu. Akapenyeza farasi wake katikati yao. Teke likampata ubavuni, akaanguka chali juu ya mawe.

Nilimpakata ndani ya gari. Tulipopita Bura akafungua macho.

"Yule mama yuko sawa?"

"Yuko sawa, mpenzi. Samaki nitapika."

"Usiunguze," akasema. Voi hatukufika naye.

Baada ya mazishi nilirudi kambini kuchukua buti zake. Kitambaa kilikuwa juu ya meza ya ofisi, kimekunjwa mara nne kama leso ya kanisani. Morris anasema hajui kilifikaje. Mwenye kambi yuko Nairobi, na akiona namba yangu anakata. Afisa wa polisi aliandika nusu ukurasa, akaniuliza kama farasi ana bima.

Kitambaa ninacho. Hakikuchanika, na upepo haukunji nguo. Kila mwenye cheo pale nimemuuliza swali hili moja: nani alifungua yale mafundo yangu mawili?