Rudi, Bado Kuna Nafasi

Tulikwenda kuiona boti ya ghorofa jioni, baada ya kazi, mimi na mke wangu, tukiwa tumenuniana tangu nyumbani. Boti yetu ilikuwa ya mbio. Ya chini, nyembamba, yenye kelele. Ukiingia chumbani unagonga kichwa, ukikaa nje unalowa. Watoto nao walisharefuka, hawaenei tena. Hiyo ndiyo sababu niliyompa kila aliyeniuliza. Sababu ya kweli alikuwa jirani yetu wa gatini, tunayemwita Bwana Kofia, ambaye kila Jumamosi alinipungia mkono kutoka juu ya boti yake kama mtu anayemsalimia mtoto mlangoni. Nilikuwa nimechoka kuinua shingo.

Dalali alitupokea. Huyu ni mtu wa maneno mengi, anaweza kukuuzia mwavuli ndani ya nyumba, lakini jioni ile alikuwa mkimya. Alituonyesha sebule yenye madirisha mapana, jiko, vyumba viwili vya kulala. Mke wangu alifungua kabati la nguo, akainamisha kichwa.

"Kuna harufu ya poda," alisema.

"Mwenye nayo alikuwa na mke," dalali akajibu, akalifunga kabati taratibu.

Tukapanda ngazi mpaka juu. Huko, kwenye roshani, kuna usukani wa pili, na mtu anayeushika anaona kila kitu. Niliona gati zima. Niliona mpaka katikati ya kofia ya Bwana Kofia, na nikafurahi kuliko inavyompasa mtu mzima. Kitu kimoja tu sikukiona. Nilipogeuka, roshani yenyewe ilikuwa imekificha kibaraza cha nyuma, kile kilicho karibu na maji, anaposimama mtu wa kamba.

Mke wangu aliligundua hilo kabla yangu.

"Nikiwa pale chini, utanionaje?"

"Nitakusikia, mama watoto. Kazi yako ni kusema tu."

Aliinama juu ya kingo, akakitafuta kibaraza kwa macho.

Sisi tunaingia gatini kinyumenyume. Mimi nashika usukani, yeye anasimama nyuma na kunielekeza: rudi, rudi, bado, basi. Kwenye boti ya mbio nilikuwa namwona, kwa hiyo sauti yake ilikuwa nyongeza, na labda ndiyo maana nilizoea kuifokea. Umechelewa. Sema kwa nguvu. Unamnong'oneza nani? Nilisema hivyo mbele ya watu, wiki baada ya wiki, mpaka maneno yake yakawa makavu kama ya shahidi mahakamani.

Hata jioni ile sikujizuia. Dalali akiwa amesimama pale pale, nilimwambia, "Leo usininong'oneze. Tusije tukaaibishana."

Mke wangu alishuka ngazi. Dalali akajifanya anafuta kioo.

Tukaitoa boti kuijaribu. Ilikwenda vizuri, nzito, imetulia, na mawimbi ambayo yangetupiga kifuani kwenye ile ya mbio yalipita chini kama si kitu. Nilikuwa nimeshainunua moyoni. Tulipogeuza kurudi jua lilikuwa limezama na taa za gati zimewaka. Dalali akaenda mbele na kamba yake. Mke wangu akaenda nyuma.

Nikaweka gia ya kurudi nyuma.

Kimya.

"Mama watoto?"

Kimya... Maji tu, yakipigapiga ubavuni. Hasira ilianza kunipanda. Nikajua ameamua kunikomoa, leo, mbele ya Bwana Kofia aliyekuwa ameegemea kingo yake anatutazama.

Halafu ikaja. Kutoka chini, nyuma yangu.

"Rudi, mpenzi."

Ilikuwa sauti yake. Yake kabisa, ila laini, isiyo na haraka. Nilitabasamu. Naona aibu kulisema hili, lakini nilitabasamu, nikageuza kichwa kidogo ili Bwana Kofia naye asikie ninavyoitwa.

"Rudi... bado kuna nafasi."

Nikarudi. Harufu ya poda ilipanda ngazi, ikanifikia puani. Nzito, tamu, kama ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

"Rudi, mpenzi. Nafasi tele."

Nikaongeza mafuta.

"Zima!" Dalali alikuwa anakuja mbio kutoka mbele, ameitupa kamba. "Zima mashine! Zima!"

Nikazima. Boti haisimami kama gari. Iliendelea kuteleza, polepole, kwa uzito wake wote, na nikasikia kitu kikipasuka dhidi ya saruji.

Sikumbuki nilivyoshuka.

Mke wangu alikuwa ananing'inia kwenye bomba la kingo, magoti ameyakunja mpaka kifuani. Chini yake kibaraza kilikuwa kimebanana na ukuta wa gati, na katikati kulikuwa na kiatu chake, kimekuwa bapa. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemsimama.

Hakuna sauti iliyotoka.

Tulimshusha. Dalali alimfunika kwa koti lake, kisha akanivuta kando.

"Mwenye nayo alinionya nisimwache mtu nyuma giza likiingia," alinong'ona. "Mkewe alikuwa anamwelekeza hivi hivi. Siku moja huyo bwana akaambiwa arudi... akarudi, mkewe akiwa bado pale nyuma. Mpaka leo anasema hajui ni nani aliyemwambia."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilidhani ni uchungu wa mfiwa tu, kaka."

Ningemkamata shati. Lakini mkono ulioongeza mafuta haukuwa wake. Ng'ambo, Bwana Kofia hakunipungia. Alikuwa ameivua kofia, ameishika kifuani, na nilitamani saruji inimeze.

Ndani ya gari mke wangu alikaa amejifunika koti la dalali. Sauti ilipomrudia ilikuwa ya kukwaruza.

"Ilikuita mpenzi."

"Uliisikia?"

"Ilikuwa sikioni kwangu. Nilifungua mdomo nikuite, sauti ikawa inatokea kwingine. Mwanzoni sikuogopa sana, baba watoto. Nilijua utashtuka. Tangu lini mimi nakuita mpenzi? Nikasema, huyu atajua si mimi. Atajua tu."

Nilitazama barabara, masikio yakiwaka moto.

Nyumbani kwetu njia ya kuingilia ni finyu, gari linaingia kinyumenyume, na yeye hushuka kunielekeza. Nilitaka kumwambia abaki. Kabla sijasema alishafungua mlango, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu, akapita nyuma ya gari. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu. Nilijaribu kumwona, sikumwona.

Nikaweka gia.

"Rudi."

Nikarudi kidogo.

"Rudi, mpenzi... bado kuna nafasi."

Nikakanyaga breki.

Sauti ilikuwa yake. Laini. Labda amenisamehe. Labda amenionea huruma, ameamua kuliokota neno lile na kulifanya liwe lake tena. Nilishusha dirisha nikanusa. Poda ilikuwepo, lakini ilikuwa imetuganda nguoni sote wawili tangu kule, kwa hiyo haikuniambia kitu. Nilisubiri aseme tena. Hakusema.

Swali lilikuwa fupi tu: ni wewe? Lilifika mdomoni likakaa hapo. Kumuuliza ni kumwambia, mara ya pili jioni moja, kwamba sauti yake siijui.

Nikabaki nimekanyaga breki, naogopa kurudi, naona aibu kuuliza.