Kikombe Kisicho na Mwenyewe

Jua lilikuwa linazama walipofika, na Nafula alishaanza kuidharau safari kabla hajashuka garini.

Walikuwa wametoka Guangzhou kutafuta mvinyo. Hoteli moja ya Nairobi ilitaka mvinyo wa bei poa, na mwaka ule wa 2006 hakukuwa na kitu ambacho Nafula asingekipata China akakipakia kwenye kontena. Kwa kawaida alinunua jinzi, kule soko la Zhanqian. Sasa alikuwa ameambiwa kwamba huku pwani, mwendo wa saa chache, kuna vijiji vinavyotengeneza mvinyo wa mchele na wa lichi, lile tunda linalofanana na shokishoki. Basi akakodi gari na dereva wake. Akamchukua Ameir, mwanafunzi wa Pemba anayejua Kichina, awe mkalimani. Akamchukua na Auma, rafiki aliyepanga naye chumba kimoja mtaa wa Sanyuanli tangu walipokuja, wapige soga njiani.

Kijiji kilimchekesha. Mitungi uani, kuku wakipita katikati. Mwenye kiwanda, mzee wa kandambili, aliwamiminia kwa heshima zote. Nafula akaonja, akakunja uso, akasema hii ni dawa ya kikohozi. Mzee alipotaja bei alimjibu tai gui, ghali mno, kwa sauti ya kufukuzia mbwa. Ameir alijaribu kuyalainisha maneno, na Nafula akamdharau kwa hilo pia. Ndivyo alivyowaona watu: wauzaji wezi, wanafunzi waoga, wakulima wajinga. Auma peke yake ndiye aliyesamehewa, na hata yeye si kila siku.

Waliondoka bila kupatana. Nyumba ya mwisho ya kijiji ilielekea baharini. Nje yake, kando kabisa ya njia, palikuwa na kimeza, na juu ya kimeza kikombe kimoja cha kaure kilichojaa hadi ukingoni. Kijiti cha ubani kilikuwa kikifuka moshi pembeni.

Hapakuwa na mtu.

Nafula akamwambia dereva asimame. Dereva alitikisa kichwa, akapunguza mwendo tu, lakini Nafula alishafungua mlango. Mjini walimjua kwa tabia hiyo. Hatoki dukani bila sampo, kionjo cha bure, hata kama hanunui kitu.

"Usiguse, dada," Ameir alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu ukikuta chano cha sadaka kimewekwa njiani, unapita mbali. Kile kina wenyewe."

"Wako wapi hao wenyewe?"

Ameir akageuza macho, akatazama bahari.

"Serikali inawasomesha bure halafu mnaogopa kikombe," Nafula akasema. "Hii ni sampo."

Akanywa yote.

Haukuwa mvinyo... Yalikuwa maji. Ya baridi, yana chumvi kidogo, yananuka nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Ndipo akamwona bibi kizee mlangoni. Mwili umemkauka, midomo imepasukapasuka. Hakufoka. Aliinama, mikono kifuani, machozi yakimtoka. Kisha akageukia pipa, akachota maji kwa kata, akanywa. Akachota tena. Maji yalimmwagikia kifuani naye akawa anacheka.

"Mwendawazimu," Nafula akasema, akapanda gari.

Kiu ilimshika kabla hawajafika barabara kuu.

Chupa ya kwanza aliimaliza bila kuhisi kitu. Maji yaliingia mdomoni, kooni hayakufika. Akafungua nyingine, akanywa polepole, akisikiliza.

Glu... glu... glu...

Kuna aliyekuwa akimeza. Sauti ilitoka nyuma yake, kiti cha mwisho cha gari.

Kiti hicho hakikuwa na mtu.

Auma alikuwa amelala kando yake. Ameir, mbele karibu na dereva, alikuwa macho, midomo ikicheza kwa dua. Na dereva alikuwa amekipindua kile kioo cha kutazamia nyuma, kikatazama juu.

Hospitali walimtundikia dripu. Muuguzi aligeuka kidogo tu, akarudi akakuta chupa tupu, akamfokea Nafula kwa kudhani ameimwaga. Ngozi ilimlegea, ulimi ukamvimba. Madaktari waliposhindwa, Auma alimrudisha chumbani kwao Sanyuanli, akaacha biashara zake, akawa anamkanda midomo kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kilikauka mkononi mwake. Nafula alikuwa anakufa, naye alijua.

Ameir alimtafuta yule dereva, akarudi na habari nusunusu. Pale kijijini kuna mtu aliyekufa maji, asipatikane wa kuzikwa. Ana kiu, na hunywa kupitia kwa aliye hai.

"Twende tukapige magoti," Ameir alimwambia. "Umwombe radhi yeye, na yule bibi. Labda atakuachia."

"Labda?"

"Labda. Ama..." Alisita. "Ama mtu mwingine anywe kikombe chako. Asipewe. Achukue mwenyewe."

Nafula akamkumbuka yule bibi akicheka na kata mkononi. Akawaza tope lile, kandambili zile, na yeye amepiga magoti mbele yao. Hata katika hali ile, chuki ilimpanda.

"Simpigii mkulima magoti," alinong'ona.

Jioni ya siku ile, Auma alipotoka, Nafula alijikokota hadi kwenye korido. Akaweka boksi nje ya mlango, na juu yake kikombe cha maji. Akarudi ndani, akauacha mlango wazi upenyo mdogo wa kuchungulia. Wafanyabiashara walikuwa wakirudi na mizigo yao, na yeye aliwadharau mmoja mmoja walivyopita. Yule tapeli. Huyu mshamba. Yeyote kati yao angemfaa.

Wote walipita.

Kisha akasikia mtu akihema kwenye ngazi. Lifti ilikuwa imeharibika. Alikuwa Auma, amebeba dumu kubwa la maji begani, jasho likimchuruzika. Akalitua. Maji yale yalikuwa ya Nafula, hakuyagusa. Akafuta uso kwa kiganja... akakiona kikombe.

Neno moja tu lingetosha. Nafula alifungua mdomo.

Akaufunga.

Auma akanywa.

Nafula hakungoja. Alikimbilia bomba, akatia mdomo, na maji yakateremka, ya baridi, hadi tumboni. Alilia. Akanywa. Maji yakammwagikia kifuani, naye akajisikia anacheka.

"Nafu," Auma aliita akiwa mlangoni, sauti imekauka ghafla. "Nigawie kidogo maji ya dumu? Nimeshikwa na kiu mbaya sana."

Na nyuma ya sauti ya Auma, karibu naye kabisa...

Glu... glu...

"Tamaa yake mwenyewe," Nafula alijisemea. Akafungua bomba hadi mwisho, ili asisikie.