Wali Usiotiwa Chumvi

Wali ulitoka jikoni unafuka moshi, lakini Raudha alipofunua bakuli pale mezani aliukuta baridi kama kiporo. Katikati palikuwa na shimo dogo, kana kwamba mtu amechota kwa ncha za vidole. Akamwuliza mumewe kama ameonja. Jabiri akasema hajagusa, macho yasitoke kwenye simu.

Walibaki wawili tu katika nyumba ile ya Kibamba tangu mama yake Jabiri alipofariki. Raudha, aliyechoshwa na ukimya wa msiba, alijiwekea sharti: kila Jumamosi atapika chakula kimoja cha Kijapani, mpaka mkono uzoee. Alikuwa ameona video ya mwanamke wa huko akiviringisha wali ndani ya mwani kwa utulivu uliomtia wivu, naye akataka kitu kimoja kilicho chake mwenyewe.

Mwanzoni Jabiri alimcheka, akasema wali unaonata hivyo ni bokoboko lililokosa nyama. Siku alipoambiwa kwamba wali ule haupikwi kwa chumvi wala nazi, akaacha kucheka. Akawa ndiye anayeutafuta mchele wenyewe mjini. Kisha akaomba jambo dogo tu: kila Raudha akipika atenge bakuli moja la wali mweupe, usiotiwa kitu, aliweke kwenye chumba cha marehemu kilichogeuzwa stoo, naye atalila akirudi. Raudha alifurahi. Hakuna aliyewahi kuithamini kazi ya mikono yake namna ile.

Bakuli lilirudi tupu kila mara, limekauka kama lililorambwa. Stoo ikaanza kunukia marashi ya waridi, na chini ya marashi kulikuwa na harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye maji.

Jumamosi moja mchana, Raudha akiwa anakata matango, alisikia mtu anafyonza, taratibu, kama anayevuta tambi ndefu mdomoni. Alidhani ni Jabiri, akatabasamu, lakini alipoinua macho dirishani alimwona Jabiri uani anaosha pikipiki, na mlio ule ukaendelea kutoka stoo, ukavutika, ukapanda juu, ukaja hadi mlangoni pa jikoni, na pale ukakoma, na marashi yakajaa jikoni.

"Ongeza," ikasema sauti laini, ya mtu aliyezoea kuhudumiwa.

Alikimbilia uani, akamshika mumewe mkono, akamwambia kuna mtu ndani anataka chakula. Jabiri hakuuliza ni nani. Alitazama mlango, akanong'ona, "Umempa?"

Hapo Raudha akajua kwamba bakuli la stoo halikuwa likiliwa na Jabiri.

Alimpigia mama yake simu, naye akaja kutoka Temeke pamoja na Bi Salma, mama wa makamo anayetibu kwa kisomo. Bi Salma akamkalisha Raudha mkekani, akafukiza ubani, akasoma. Ubaridi ukaanzia kwenye vidole vya miguu vya Raudha, ukapanda magotini, ukapanda kiunoni, ukamfika shingoni, na akasikia kinywa chake kinafunguka bila ruhusa yake na kusema kwa sauti isiyo yake kwamba yeye hakuja, aliletwa. Kwamba bibi mwenye nyumba alimlisha wali usio na chumvi miaka yote, na bibi huyo alipokufa, yeye jini akaanza kumkaba mwanawe usingizini, na mwana akaomba aachwe, akaahidi kwamba mkewe atalisha.

Mama yake Raudha akaanza kulia kimyakimya. Bi Salma akamgeukia Jabiri, akamweleza kwamba jini ni wa ukoo wao. Jabiri akitamka tu kuwa anamchukua, mkewe atakuwa huru saa hiyohiyo.

Jabiri alimtazama mke wake.

"Mie siwezi," akasema kwa sauti ya chini. "Jini ameshamzoea yeye."

Raudha alikuwa anasikia kila neno kutoka mle ndani alimobanwa. Jini hakumuumiza kama maneno yale. Alikumbuka kila sifa aliyopewa, kila mfuko wa mchele ulioletwa kwa tabasamu, akaona aibu ya kuwa alifurahi.

Bi Salma akamwinamia sikioni. "Mwanangu, ulidanganywa. Kilichotolewa kwa udanganyifu hakikufungi. Mwambie mwenyewe."

Raudha akapambana na ulimi wake hadi ukamtii. "Bakuli lile sikukupa wewe," akasema. "Nilimpa mume wangu."

Ubaridi ukamtoka. Mlango wa stoo ukajifunga, na ndani kitu kikaanza kuzunguka kwa hasira, kikigonga kuta. Jabiri akarudi nyuma mpaka ukutani. Raudha akavaa baibui, akaondoka na mama yake jioni ileile, asiage.

Huko Temeke aliendelea na sharti lake. Ilikuwa Jumamosi, anaviringisha mwani mbele ya mama yake, Jabiri alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alimwomba arudi, akasema amekosa, akasema nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Raudha akaigandamiza simu sikioni. Alisikia, nyuma ya pumzi za Jabiri, mwanamke akiuliza kwa upole, "Amekubali?"

Ilikuwa sauti yake Raudha mwenyewe.