Bakuli la Pamba

Kila asubuhi bakuli la Pamba lilikutwa limerambwa likang'aa, na kila asubuhi Pamba alizidi kukonda.

Muuguzi aliyemfuga hakuelewa. Mtaa mzima haukuwa na paka aliyetunzwa kama huyu. Kadi yake ya chanjo ilitundikwa ukutani kando ya kalenda. Samaki wake alichemshwa bila chumvi wala kitunguu, akatolewa mwiba mmoja mmoja. Maji yalibadilishwa kutwa mara mbili, na madirisha yote yaliwekewa wavu asije akarukia barabarani. Zamani mume wake, fundi wa redio, alipenda kumtania: "Kesho na mimi naomba niwe paka humu ndani." Siku hizi hakutania tena. Tangu mama yake afe katika chumba cha nyuma, miezi miwili sasa, utani ulikuwa umemkauka mdomoni.

Daktari wa mifugo alimpapasa Pamba mbavu, akamfunua ufizi, akampima damu.

"Minyoo hana. Ugonjwa hana. Dada, huyu ana njaa tu."

"Anamaliza bakuli kila siku, daktari."

"Basi anayemaliza si yeye. Angalia, labda paka wa jirani anaingia."

Paka wa jirani, kupitia wavu gani?

Adhuhuri ya siku yake ya mapumziko, muuguzi aliweka chakula, akavuta kigoda, akaketi mlangoni mwa jikoni. Pamba alisogea, akanusa. Kisha akarudi nyuma, manyoya yamemsimama, akawa anatazama juu kidogo ya bakuli, pale ambapo pangekuwa na uso wa mtu aliyeketi chini. Ikaja harufu ya dawa ya kuchua, kali ya kuwasha pua, na nyuma yake harufu ya shuka lililolaliwa siku nyingi. Kisha ukaja mlio, ti, ti, ti, kijiko kikigonga ukingo wa bakuli, polepole, bila hasira, vilevile kama mama mkwe alivyokuwa akigonga kikombe chake siku nzima akiomba maji, akiomba uji, akiomba mtu, na minofu ya samaki ikaanza kupungua, tonge baada ya tonge, mpaka likabaki bakuli tupu likizunguka taratibu sakafuni, kama linalofutwa kwa kidole.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alizunguka vyumba vyote, akarudi sebuleni, akakaa.

"Jini lenu limevaa njaa ya marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Njaa haifukuzwi. Inalishwa, kisha inaagwa. Ila lazima ilishwe kwenye chombo kilekile alichokulia mara ya mwisho. Kilikuwa chombo gani?"

"Mimi nilikuwa kazini, bibi," fundi alinong'ona. "Mke wangu ndiye aliyempa chakula." Akamgeukia mkewe. "Mwambie."

Muuguzi aliikumbuka asubuhi ya mwisho. Asubuhi ile vyombo vyote vilikuwa vichafu, na gari la hospitali lilikuwa limeshampigia honi getini. Bakuli la Pamba peke yake lilikuwa safi, kwa kuwa hilo halikulala chafu hata siku moja. Akamimina uji humo, akampelekea mama mkwe. Yule mzee alitazama picha ya paka iliyochorwa ubavuni, akamtazama mkwewe, kisha akachukua kijiko akala, maana njaa haina adabu. Jioni muuguzi alimkuta amekuwa baridi, bakuli mapajani. Aliliosha, akalirudisha jikoni, ndipo akampigia mume wake simu.

"Sahani ya maua," alimjibu mganga. "Ile tuliyopewa kwenye harusi."

Fundi alishusha pumzi, macho yakamlengalenga. "Mama aliipenda ile. Asante, mke wangu. Nilikuwa naogopa labda ulimpa tu ilimradi."

Mganga hakumwondolea macho muuguzi. "Una hakika, mwanangu? Nikiaga kwa chombo kisicho chake, sina njia ya pili."

Pamba alikuwa amelala mapajani mwa muuguzi, mwepesi kama taulo. Chini ya manyoya aliweza kuhesabu mifupa. Neno moja tu lingemwokoa. Akamtazama paka, akamtazama mume.

"Nina hakika."

Basi wakapika chakula kizuri, wakakiweka chumba cha nyuma katika sahani ya maua. Mganga akasoma maneno yake, akaiaga njaa ya marehemu, akaenda zake. Sahani ilikaa mpaka chakula kikachacha, na jikoni kijiko hakikunyamaza. Muuguzi alijaribu kumlisha Pamba kwa mkono; samaki alitoweka kabla ya kufika mdomoni mwa paka, na vidole vyake vikabaki vimelowa mate ya baridi.

Siku ya nne Pamba hakuamka. Muuguzi alimzika nyuma ya nyumba, na bakuli akalizika pamoja naye, chini kabisa, akalishindilia udongo kwa miguu yote miwili.

Jioni hiyo waliketi wawili mezani kula. Muuguzi aliuangalia wali wake bila kuugusa. Alikuwa bado anatafuta nguvu ya kuanza mume wake alipoinua macho.

"Angalau leo umekula," alisema kwa upole. "Tena umemaliza."

Muuguzi alitazama chini. Sahani yake ilikuwa imerambwa ikang'aa. Kijiko chake kilikuwa kinagonga ukingo, ti, ti, ti, na mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani.