Mtumiaji Bado Yumo Ndani

Rafiki yangu kazi yake ni kutafuta matundu ya usalama kwenye tovuti za watu kabla wezi hawajayaona. Kwenye kila tovuti hufungua akaunti ya majaribio kwa jina la mdogo wake, aliyefia kwenye tangi la maji nyumbani kwao.

"Huyo hatalalamika," huniambia akicheka. Mimi huwa sicheki.

Juzi alifungua akaunti asubuhi. Mchana, kazi ilipoisha, akataka kuifuta, tovuti ikakataa: "Mtumiaji bado yumo ndani." Akasonya, akaiandika kwenye ripoti kama kasoro, kisha akaifuta akaunti kwa nguvu.

Hapohapo mama yake akapiga simu.

"Mwanangu, tangu asubuhi mdogo wako analia ndani ya tangi, anakuita wewe. Sasa hivi tu amenyamaza."