Matanga ya Bibi Mwamini

Stendi ya Nachingwea msimu wa korosho haina adabu: watu, magunia na kuku wanagombea njia moja. Hapo ndipo Scola, mhudumu wa makazi ya wazee, alipogongana na kijana mrefu aliyeshuka kwenye gari la Ruangwa, shati jeupe limepigwa pasi likasimama. Sabuni alizobeba Scola zikamwagika chini. Kijana akachutama kuziokota huku akiomba radhi. Wakati huohuo muuza ufuta mmoja wa Narung'ombe, aliyemjua Scola tangu anatambaa, akamsalimu kwa Kimwera.

"Samahani mama, umenifananisha," Scola alijibu kwa Kiswahili cha redioni.

Akamwambia kijana yeye ni mtu wa Temeke, kilugha cha huku hakijui, kama alivyokwisha kuwaambia wenzake kazini. Temeke alikaa miezi minane kwa shangazi yake, basi. Lakini kijana alikuwa na macho ya kucheka na Scola alikuwa na gauni jipya la kitenge. Ukiwa hivyo, uongo mdogo unauona kama poda tu usoni.

Kumbe kijana alikuwa anakwenda kulekule makazini. Aliitwa Octavian, mtu wa Bukoba, muuguzi wa magonjwa ya akili aliyepangiwa Ruangwa, na angekuja kila Jumanne kuwasaidia wahudumu kutunza roho za wazee, si miili tu. Wahudumu walikuwa watatu: Scola, Felomena Mngoni na Eustakio Mmakonde. Octavian aliwaambia mzee akinyamaza wasikimbilie kusema ni uzee, wakae naye, wamuulize. Kisha akawauliza wao wenyewe wanalalaje. Hakuna mkubwa aliyewahi kuwauliza hilo, na Felomena alilia.

Mapenzi hayakuchelewa. Ulikuwa mwaka elfu mbili na nne, simu ndiyo kwanza zinaingia. Octavian akibipu, Scola anakimbilia juu ya kichuguu nyuma ya jiko kutafuta mtandao.

"Mrembo wa Temeke, umenimisi?"

"Nikumisi wewe una nini?"

"Nina shati moja na maneno mengi."

"Maneno baki nayo. Shati lete nilifue."

Wazee wa pale wengi waliletwa zamani na mradi wa karanga kutoka kila pembe, wakazeekea hapo bila ndugu. Mmwera alikuwa mmoja tu, Bibi Mwamini, mgeni wa mwezi mmoja, Kiswahili chake cha kuokoteza. Jumanne moja mpwa wake Hassani alipita mbiombio, akamwambia kwa Kimwera kwamba kaka yake bibi, Mzee Shehe, amezikwa juzi Narung'ombe, akaondoka kuwahi gari. Scola alikuwa hatua tano tu, anaanika shuka. Alisikia kila neno.

Octavian akamuuliza Scola yule mpwa amesema nini. Jibu lilimtoka kabla hajalifikiri: "Sijui, wameongea kilugha."

Tangu siku hiyo bibi alishusha godoro sakafuni, akajifunika khanga kichwani, akakataa chakula. Wakilipandisha godoro, analishusha. Jamani, alikuwa anakaa matanga, peke yake, na mtu pekee aliyejua alikuwa anapita na ndoo akitazama pembeni. Kila asubuhi Scola alipanga kusema, akakuta uongo wa jana umeongezeka uzito. Daftarini aliandika "Bibi hasemi". Alijichukia mpaka akaacha kupokea simu za mpenzi wake, na Octavian akadhani kuna mwanamume mwingine.

Jumanne iliyofuata, baada ya Felomena kumpigia kwamba bibi hali, Octavian alikuja amenuna, na barua mkononi: bibi apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mkoa wa mbali, kesho yake. Scola alimwona akitoa kalamu ya kutia sahihi. Akaingia chumbani, akaketi sakafuni, akampa bibi pole ya msiba kwa Kimwera.

Bibi akamuuliza siku zote saba hizi alikuwa wapi. Kisha akalia kilio cha kutoka tumboni.

Octavian alikuwa mlangoni. Aliichana barua, akamwita Scola nje, naye akamweleza yote.

"Kuficha kwamba kwenu ni huku ningekusamehe palepale," alisema. "Ila umemwacha mtu afiwe peke yake, na mimi ukanidanganya usoni."

"Najua. Sina la kujitetea."

Hakupiga simu tena. Scola alikaa na bibi kila jioni, bibi akarudia kunywa uji, lakini moyo wa Scola haukutulia.

Siku ya arobaini walimpeleka bibi Narung'ombe, na Octavian akaja na pikipiki kutoka Ruangwa. Ndugu wakamuuliza bibi ni nani aliyekaa naye matanga. Bibi akamshika Scola mkono, akajibu kwa Kimwera, na wote wakaanza kumshukuru msichana.

Octavian akasogea. "Amesema nini?"

"Amesema nilikaa naye tangu siku ya kwanza." Alitazama mkono wa bibi uliomshika. "Amenisitiri. Si kweli."

Kisha akawageukia ndugu, akawaeleza kwa Kimwera siku zote saba, bila kupunguza hata moja. Bibi hakumwachia mkono.

"Nitafsirie na langu," Octavian alisema mwishowe. "Waulize kwa kina Scola ni wapi. Nataka wazee wangu watoke Bukoba waje."

"Mtu muongo kama mimi?"

"Uliza."

Ndipo Scola, mbele ya watu wa kwao, akauliza kwa Kimwera njia ya kwenda nyumbani kwao. Bibi Mwamini akacheka, mara ya kwanza tangu kaka yake azikwe. Scola alikuwa bado hajathubutu kucheka.