Ndoo Mbili za Mtumbwi

Kila jioni Rhobi alirudi kutoka shule, akala viazi vya baridi, kisha akazitazama ndoo kwa uchungu. Ndoo mbili za maji zilitakiwa kumwagwa kila siku juu ya mtumbwi wa baba yake, halafu ufunikwe kwa majani mabichi. Mtumbwi wa gogo ukiachwa kwenye jua la kiangazi hupasuka. Kijijini kwao, kando ya Mto Mara, hata mtoto wa chekechea alilijua hilo.

Baba yake, Nashoni, alikuwa utingo wa malori ya Sirari, na nyumbani alionekana kama mgeni. Mwaka huu alipewa mapumziko ya siku nne. Kwa simu ya mama walipanga kila kitu: baba, Rhobi na mdogo wake Heche wataenda kwenye kona ya mto isiyokaliwa na mtu, walale huko siku mbili, wavue kambare. Rhobi aliandika nyuma ya daftari vitu vya kubeba: ndoana, unga, chumvi, sufuria ndogo, chandarua.

"Mtumbwi unaumwagia maji?" baba aliuliza kila alipopiga.

"Ndiyo, tata. Kila siku."

Uongo mtupu! Wiki ya kwanza alimwaga kweli. Baadaye mchezo wa rede kwa kina Frida, rafiki yake, ulinoga, akazisahau ndoo kwa makusudi. Siku moja kabla baba hajafika, alifunua majani makavu, akakuta ufa unaopitisha kidole. Badala ya kusema, alifanya kama alivyozoea kufanya kwenye kuta za nyumba. Alichanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, akaukandika ufa, akalainisha kwa kiganja mpaka ukapotea. Kazi safi kabisa, kama ingekuwa ya ukuta.

Baba alipofika, kesho yake asubuhi majirani walimsaidia kuuburuta mtumbwi hadi ukingoni mwa mto. Mizigo ikapangwa. Baba alikuwa akiimba. Akamnyanyua Heche, akamkalisha katikati, juu ya ufa ule.

Rhobi aliyatazama maji ya kahawia. Wiki iliyopita tu, mamba alichukua mbuzi hapo hapo.

"Tata, mtoe Heche!" alipiga kelele. "Mtumbwi umepasuka! Nilikandika mavi ya ng'ombe!"

Baba alimshusha mtoto kwanza. Kisha akachota maji kwa sufuria, akayamwaga ndani ya mtumbwi. Kiraka kililainika, kikabomoka, maji yakachuruzika chini. Hakumpiga. Rhobi alitamani angempiga.

Siku zilizobaki baba alizimaliza akitafuta bati na lami vijiji vya jirani, kisha akishinda ameinama kugongomea na kupaka, huku Rhobi akimshikia misumari. Siku ya nne mtumbwi ulielea bila kuingiza tone. Mchana huo huo baba alitakiwa kurudi Sirari.

"Sasa tunaenda lini kuvua?" Heche aliuliza.

"Mwakani, nikipewa tena mapumziko," baba alijibu, akachukua begi lake.

"Tata, nisamehe," Rhobi alisema akilia.

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize, mwanangu. Ungeniambia kwenye simu, ningekuja na bati na lami, tungeuziba siku ya kwanza tukaondoka. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Huu ufa umenichukua siku tatu. Kukuamini tena, sijui kutanichukua muda gani."